Nachituti, Mwanamke Aliyetoa Ziwa

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kuletewa katika kurasa hizi maisha ya watu wakubwa wa zamani, na karibu wote ni wanaume: wafalme, majemadari, wasafiri na mapadre. Sina ugomvi nao. Lakini safari hii nimemwomba mhariri nafasi nipate kueleza habari za mwanamke mmoja wa pande za kwetu. Alikufa zamani sana, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Hakuacha barua wala picha. Hata hivyo ukienda leo katika kijiji chochote kando ya ziwa Mweru ukamtaja, hutakosa mtu wa kukuambia alitenda nini. Jina lake ni Nachituti.

Mimi ni mtu wa Kabuta, kijiji kilichoko ufukoni mwa ziwa hilo upande wa mashariki, katika wilaya ya Nchelenge, nchi ya Zambia. Kwa kuwa wenzangu wengi hawajapata kufika huko, yafaa niseme maneno machache juu ya mahali penyewe. Mweru ni ziwa refu, lapata kilomita 130 toka ncha hata ncha, nalo liko juu, mita 900 na zaidi kupita usawa wa bahari. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, yakaenda zake kwa jina la Luvua. Jua letu huchwea Kongo, maana ng'ambo ni nchi hiyo. Huko husemwa Kiswahili cha Katanga, na kwetu Kibemba, na wachuuzi wa samaki huchanganya zote mbili wala hawaoni tabu. Mkabala wa Nchelenge kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Kilwa. Msomaji asichanganyikiwe: hii siyo Kilwa ya pwani ya Tanzania yenye magofu ya misikiti, tena iko Kilwa ya tatu, mji wa ng'ambo katika Kongo.

Zamani za Nachituti hapakuwa na Zambia wala Kongo. Ziwa lilikuwa mikononi mwa Washila, watu wa uvuvi, na mfalme wao alichukua jina la cheo la Nkuba. Kwa Kibemba neno hilo maana yake ni radi. Washila nao walikuta wenyeji waliowatangulia, yaani Wabwilile, wakawashinda. Ziwa hili limepita mikono mingi.

Jambo moja lazima lifahamike kabla ya kuendelea, maana asiyelijua ataiona habari hii kuwa ni kisa cha ukatili tu. Washila, kama Wabemba na makabila mengine mengi ya pande zile, huhesabu ukoo kuukeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, si wa baba. Mfalme akifa, mwanawe hana fungu katika kiti. Anayerithi ni ndugu wa mfalme wa tumbo moja, au mwana wa umbu lake. Kwa hiyo umbu la mfalme si mtu mdogo hata kidogo. Yeye ndiye mlango ambao wafalme wa kesho watapitia, na tumbo lake likikauka, enzi imekatika. Wageni wakisikia hayo hudhani kwamba kwetu wanawake ndio watawalao. La. Mlango si mwenye nyumba. Mwanamke alizaa wafalme, lakini aliyeamua shauri lake, aliyempeleka kwa mume na aliyempokea akirudi, alikuwa mjomba wake au kaka yake.

Basi Nachituti alikuwa umbu la Nkuba. Alikuwa na mtoto wa kiume, kijana aliyekwisha kukua, na kwa desturi niliyoieleza kijana huyo alikuwa mpwa wa mfalme na mmoja wa wale ambao siku moja wangeweza kushika mahali pake. Husimuliwa kwamba kijana alifanya uzinzi na wake za mjomba wake. Habari zikamfikia Nkuba. Katika nchi ile uzinzi na mke wa mfalme ulikuwa kosa la kifo, na kama Nkuba angalimwua tu mpwa wake yakaisha, nadhani tusingalisikia habari hii hata leo. Watu wangelia, wangezika, wangenyamaza. Lakini Nkuba hakuridhika na kuua. Aliamuru maiti ichunwe, ngozi ikatengenezwa vizuri kama ngozi ya mnyama, ikatandikwa chini kama mkeka. Kisha akamwalika umbu lake.

Mama akaja, akakanyaga, akaketi. Hakujua ameketi juu ya nini. Akaja kuambiwa baadaye.

Nimesikia kisa hiki mara nyingi, na nimetambua kwamba hakisimuliwi na watu wote kwa namna moja. Babu yangu, aliyekuwa mvuvi, akifika hapa hupita mbio. Husema maneno mawili matatu juu ya ngozi, kisha huingia vitani, akaeleza mitumbwi, mikuki, visiwa na matete, hata mtu akadhani yeye mwenyewe alikuwamo. Bibi yangu mzaa mama hufanya kinyume. Vita kwake ni sentensi moja. Yeye hukaa penye mkeka. Hueleza jinsi mama yule alivyoamkiwa kwa heshima kubwa kuliko siku zote, jinsi watu wa baraza walivyokuwa wakitazamana, na jinsi wote, wakubwa kwa wadogo, walivyojua na hakuna aliyethubutu kusema. Nilipokuwa mdogo nilipenda masimulizi ya babu. Sasa naona kwamba ya bibi ndiyo yenye jambo.

Maana hebu tufikiri. Kwa nini Nkuba hakumwambia umbu lake waziwazi kwamba mwana ameuawa kwa kosa lake? Kosa lilikuwa la kijana, na kijana alikwisha kulipa. Ule mkeka haukuwa adhabu ya kijana, kwa sababu aliyekufa haoni kitu. Ulikuwa adhabu ya mama. Nkuba alitaka kumwonyesha kwamba hata mlango wa wafalme unaweza kukalishwa chini ukachekwa. Nasema hivi ni maoni yangu, na wazee wengine wa kwetu hawatakubali, lakini sijapata kusikia maelezo mengine yanayofaa.

Tena tuangalie mahali alipobaki. Mwanamke wa ukoo wa kuukeni akidhulumiwa na mumewe hukimbilia kwa kaka yake. Akidhulumiwa na jirani, kaka humdaia haki. Akifiwa na mtoto kwa mkono wa mtu, kaka ndiye adaiye dia. Sheria ilikuwa hivyo, na ilikuwa sheria nzuri kwa siku nyingi na kwa watu wengi. Ila hapa kaka ndiye mwuaji. Tena ndiye mfalme, na mfalme ndiye hakimu. Mdhalimu, mlinzi na mwamuzi wamekuwa mtu mmoja. Mwanamke huyo apeleke wapi shauri lake? Hapakuwa na baraza lililo juu ya baraza la Nkuba. Angeweza kunyamaza, na nina hakika wengi kabla yake walinyamaza, ndiyo sababu hatuwajui majina.

Nachituti hakunyamaza. Aliondoka akaenda kwa adui wa kaka yake.

Adui huyo alikuwa Kazembe. Katika karne ile ya 18 Walunda walikuwa wametoka magharibi, katika nchi ya Mwata Yamvo, wakija mashariki chini ya viongozi wenye cheo cha Kazembe, wakifuata chumvi na nchi za kutawala. Walikwisha kuvuka Luapula na kushika bonde. Walikuwa hodari wa nchi kavu. Lakini maji, visiwa na vinamasi vilibaki kwa Washila, nao walijua kila mlango wa matete. Mfalme asiye na ziwa katika nchi ile ni mfalme nusu, maana chakula na biashara vyatoka majini.

Akafika Nachituti mbele ya Kazembe akaeleza aliyotendewa, akaomba alipiziwe kisasi. Yafaa tukumbuke jinsi ilivyokuwa vigumu. Mwanamke wa nyumba ya kifalme anakwenda peke yake, au na watu wachache, katika mji wa wageni wenye lugha na desturi nyingine. Wangeweza kumshika mateka. Wangeweza kumrudisha kwa kaka yake kwa bei. Kazembe alimsikiliza, na mimi sisemi kwamba alisikiliza kwa huruma. Alikuwa na sababu zake. Alipewa neno lililo bora kuliko mikuki mia: alipewa haki ya kuingia.

Vita vyenyewe nitavipita upesi, babu yangu anisamehe. Jeshi la Walunda lilikwenda, likamtafuta Nkuba mahali alipojificha penye maji, likamkamata na kumwua, na kichwa chake kikaletwa kwa Kazembe. Nachituti akakiona kwa macho yake.

Hapo ndipo alipofanya tendo ambalo jina lake linakumbukwa kwalo. Alichukua kikapu akakijaza udongo. Akachukua chombo (wengine husema kibuyu, wengine mtungi) akakijaza maji. Akampa Kazembe vyote viwili. Udongo ni nchi, na maji ni ziwa, mito na mabwawa yote. Tangu siku hiyo Makazembe husema kwamba nchi ya Luapula ya chini na ziwa la Mweru ni zao kwa zawadi ya Nachituti.

Nimetafakari sana juu ya kikapu hicho. Kazembe alikwisha kushinda. Nkuba alikuwa amekufa, kichwa kiko pale. Kwa nini basi ahitaji kikapu cha udongo kutoka kwa mwanamke? Angeweza kujiinamia na kuchota mwenyewe. Lakini nchi iliyotwaliwa kwa mkuki huweza kutwaliwa tena kwa mkuki, na watu wa nchi hiyo hawaiti hiyo haki, huiita unyang'anyi. Kazembe alihitaji mkono wa mwenyewe. Na kwa desturi ya kuukeni, kaka akiwa amekufa na mwana akiwa amekufa, mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa yule mama. Kwa muda mfupi sana, labda siku moja tu, yule aliyekuwa mlango alikuwa nyumba nzima. Akaitoa.

Kuna jambo lingine ambalo wasimulizi wa kwetu hawalitilii mkazo. Makazembe hawarithiani kuukeni kama raia zao. Kiti chao hufuata kuumeni, baba kwa mwana au ndugu kwa ndugu wa baba mmoja. Kwa hiyo Nachituti alipotoa kile kikapu hakumpa tu mtu mgeni. Aliitoa nchi katika mikono ya ukoo ambao hauhitaji tena umbu la mfalme ili kupata mfalme. Sijui kama alilifikiri hilo. Mtu mwenye uchungu kama wake hafikiri habari za vizazi. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyogeuka: haki ya kutawala ilipatikana kwa mkono wa mwanamke, na baada yake haikupita tena kwa mwanamke.

Msomaji mwingine ataniuliza kama mfalme aliyemkimbilia alikuwa mwema kuliko yule aliyemkimbia. Tusijidanganye. Mwaka 1798 ulifika msafara wa Wareno ukiongozwa na Lacerda, ambaye alifia huko huko, nao wakamkuta Kazembe mkuu mwenye nguvu nyingi katika bonde. Mwaka 1867 akafika Livingstone, akaona ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, akakaa katika mji wa Kazembe wa wakati wake. Aliandika kwamba aliona watu wengi waliokatwa masikio, na wengine waliokatwa mikono, kwa amri ya mfalme. Katika habari hizo hizo ameeleza juu ya mke mkuu wa Kazembe, jinsi alivyokuwa akichukuliwa na watu, mara nyingi 12, wakimpeleka shambani kwake, huku wengine wakikimbia mbele na mapanga na mashoka. Jambo hili hunifurahisha na kunishangaza pamoja. Malkia hachukuliwi kwenda barazani. Huchukuliwa kwa heshima yote kwenda kulima.

Basi Nachituti hakutoka katika giza akaingia katika nuru. Alitoka kwa mfalme mmoja akaenda kwa mwingine, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Wapo kwetu wanaume, na si wachache, wanaokitumia kisa hiki kuwasema wanawake vibaya. Husema ukitaka kupoteza nchi, mwudhi mwanamke. Au husema ulimi wa mwanamke uliuza ziwa. Katika vilabu vya pombe maneno haya hutolewa kwa kicheko. Nimejaribu kupima kama yana haki. Ni kweli kwamba Washila walipoteza enzi yao. Ni kweli pia kwamba watu waliokufa katika vita vile hawakuwa wote wamechuna ngozi ya mtu. Wengine walikuwa wavuvi tu waliokuwa na bahati mbaya ya kuwa watu wa Nkuba. Wala sitaki kumfanya Nachituti malaika. Aliomba kichwa cha ndugu yake akaletewa. Lakini kusema kwamba yeye ndiye aliyeuza ziwa ni kuanza hadithi katikati. Aliyepoteza enzi ya Washila ni yule aliyekaa kitini akamwua mrithi wake mwenyewe, akamkalisha mama juu ya ngozi ya mwanawe. Ni ajabu kwamba katika vilabu hivyo sijasikia mtu akisema ukitaka kupoteza nchi, mpe mfalme mkatili.

Na wale wake za Nkuba je? Wao ndio waliosahauliwa kabisa. Katika masimulizi yote niliyoyasikia hakuna aliyeuliza kama walipenda au walilazimishwa, wala walikuwa wangapi, wala walifanywa nini baada ya kijana kuuawa. Kijana ana mama wa kumlilia. Wao hawana hata mstari mmoja. Nilimwuliza bibi yangu habari zao. Alifikiri, kisha akasema kwamba walikuwa wake za mfalme, na katika siku zile wake za mfalme hawakuulizwa kitu. Sikupata jibu jingine.

Habari hizi zilikuwa za mdomo kwa miaka mingi. Mwaka 1951 zilipigwa chapa kwa Kibemba katika kitabu cha historia ya Walunda kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, alichokitunga Mwata Kazembe wa 14 akisaidiwa na padre mmoja wa Wamisionari wa Afrika. Na mwaka 2006 mtaalamu David Gordon alitoa kitabu juu ya uvuvi na maisha ya watu wa Mweru na Luapula, akakiita kwa jina la zawadi ya Nachituti. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Julai, watu hukusanyika Mwansabombwe kwa sikukuu ya Mutomboko, na Mwata Kazembe hucheza ngoma ya ushindi akiwa na upanga na shoka mkononi. Ni ngoma nzuri ya kutazamwa. Ushindi unaochezwa hapo una mambo mengi ndani yake, na kikapu cha mwanamke huyu ni kimojawapo.

Tangu mwaka 1894 ziwa lenyewe limegawanyika, maana Waingereza na serikali ya Kongo ya siku zile walipatana mpaka, na mpaka huo umepita majini. Hawakuuliza mtu. Maji ya kibuyu cha Nachituti sasa ni ya nchi mbili.

Nasema haya yote si kwa kupenda mambo ya kale tu. Huku kwetu mwanamke hajaacha kutafuta baraza lililo juu ya baraza la kaka yake. Nimeona kwa macho yangu mwanamke aliyepigwa na mumewe hata mkono ukavunjika. Sitataja kijiji. Alikwenda kwa wajomba zake, kama desturi inavyoagiza. Wajomba walikaa, wakanywa chai, wakamwambia avumilie, kwa kuwa ndoa ni uvumilivu. Baadaye ikajulikana kwamba mume yule ndiye aliyewakopesha wajomba nyavu zao, na deni halijaisha. Alirudi kwa mumewe na mkono umefungwa vijiti. Desturi ilifuatwa yote, na hakuna aliyeivunja. Kasoro ni kwamba aliyetakiwa kumlinda alikuwa na sababu ya kutomlinda.

Sheria za nchi zimejaribu kufungua milango mingine. Mwaka 2011 Zambia ilipata sheria ya kupinga ukatili wa kijinsia, na kwa sheria hiyo mtu aliyetendewa ukatili nyumbani aweza kwenda kortini kuomba amri ya kumlinda, na polisi wana idara ya kuwasaidia watu wa namna hiyo. Kabla yake, mwaka 1989, ilipitishwa sheria ya kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wasia: mjane asilimia 20, watoto 50, wazazi wa marehemu 20, na jamaa waliomtegemea 10. Ilikuwa dawa ya ule ubaya tunaoujua sote, wa ndugu wa marehemu kuja kabla ya machozi kukauka na kuchukua hata sufuria. Ni sheria nzuri. Lakini imeacha nje kitu kimoja: haigusi ardhi inayoshikwa kwa desturi ya kabila, na ardhi ya vijiji vyetu ni ya namna hiyo. Mjane aweza kudai fungu lake la baiskeli na la mtumbwi. Udongo, ule ule wa kikapu, haumo.

Kwa upande wa maji mambo yamekwenda njia nyingine, nami nimeyaona kwa furaha. Katika Mweru kuna samaki wadogo sana waitwao chisense. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi humwagwa juu ya mchanga kukauka, hata ufuko wote ukang'aa kama fedha. Wanaume wa zamani waliwadharau kwa udogo wao. Wanawake waliwachukua, wakawakausha, wakawauza hata miji ya migodi, na faida ikawa kubwa. Leo wapo akina mama wenye mitumbwi na nyavu zao wenyewe, na wanaume wenye nguvu huwavulia kwa ujira. Sisemi kwamba taabu zao zimekwisha. Mchuuzi mwanamke asiye na fedha ya kutosha bado hutakiwa mambo mengine ufukoni kabla ya kupewa samaki, na mtu asiniulize ni mambo gani, maana kila mtu wa ziwani anajua. Lakini mama mwenye wavu wake hatakiwi hayo. Desemba ikifika, uvuvi hufungwa kwa sheria mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, na katika miezi hiyo mitatu utawaona akina mama hao wameketi kivulini wakishona nyavu zao, wakihesabu watakavyowalipa wavuvi wao ziwa likifunguliwa.

Ni katika msimu mmoja wa namna hiyo nilipomwuliza bibi yangu jambo ambalo lilikuwa limenikaa moyoni: ule mkeka ulikwenda wapi? Vitani hautajwi tena. Kichwa cha Nkuba kinatajwa, kikapu kinatajwa, kibuyu kinatajwa, lakini ngozi ya kijana haionekani tena. Babu alikuwapo, akasema huenda ilibaki katika nyumba ya Nkuba ikaungua pamoja na mji. Bibi akakataa kabisa. Akasema mwanamke hawezi kuondoka akaacha mwanawe ametandikwa chini. Kwa maoni yake Nachituti aliikunja ngozi ile usiku, akaichukua mgongoni kwa nguo, kama mtoto anavyochukuliwa, akaenda nayo njia yote hata kwa Kazembe, na kabla ya kuchota udongo wa kumpa mfalme alikuwa amekwisha kuchimba mahali pengine, kwa jembe lake mwenyewe, akazika.